Madaftari Yangu Yalivuka Bahari, Mimi Nikabaki Mtinko

Nina miaka sabini na tatu, mkulima wa Mtinko, mkoani Singida. Ninayowasimulia yalinipata nikiwa binti, vijiji vya ujamaa vilipokuwa vinaanza, na mpaka leo nikiyakumbuka damu inanichemka!

Nilikuwa nafundisha watu wazima kusoma. Chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kikafungua ofisi Dar es Salaam, eti kishirikiane na nchi yetu changa. Mama mmoja mzungu wa ofisi hiyo akaja kijijini kuuliza habari za mbegu za mtama na uwele, akanichagua nimsaidie. Kwetu mbegu zilikuwa mambo ya wanawake, mwanaume hagusi hata chungu cha kuzihifadhia. Nikawahoji akina mama misimu miwili, nikajaza madaftari sita! Mzungu akaugua, akarudishwa kwao, lakini aliniachia ahadi: nikimaliza niyapeleke ofisini, nitapelekwa ng'ambo kusoma.

Kusoma ng'ambo... mimi, binti wa mchunga ng'ombe!

Wakati huo nilikuwa nimeposwa na Elia, mwalimu wa shule ya msingi. Ng'ombe wa mahari walishaingia zizini, na baba akasema binti aliyetolewa ng'ombe hasafiri peke yake. Mchumba ampelekee hayo madaftari. Na juu ya madaftari niandike jina gani? La baba, aliyekwisha kunitoa? La mume, ambaye hajanioa? Niliona aibu, nikaacha wazi. Nikamwambia Elia aandike litakalofaa.

Akaandika lake!

Miezi ikapita, kimya. Kisha barua ikaja kwa wazazi wake: Elia yuko ng'ambo, anasomeshwa na kile chuo. Nililia, wasomaji, mpaka macho yakavimba. Mama akanituliza, eti si bado ni mchumba wangu? Mchumba gani huyo! Nikamwambia baba arudishe ng'ombe wa watu. Akanichapa fimbo. Nikasema tena. Akanichapa tena... lakini alirudisha.

Baada ya miaka mitano Elia akaja na Landrova, suti mwilini, yeye sasa ni mtu mkubwa wa ile ofisi. Alileta wageni watatu. Ushirikiano na kijiji ukitiwa saini, tungechimbiwa kisima cha pampu. Lakini wageni walitaka kuonyeshwa zile mbegu, na Elia hakujua hata moja! Akanitumia wazee na debe la asali. Niseme yeye ndiye aliyenifundisha, nami nitapewa kazi.

Nilikwenda, asali nikairudisha. Mbele ya kijiji kizima nikammwagia mbegu mezani nikamwambia, "Haya Mwalimu, ipi inaanikwa juani na ipi inatundikwa moshini?"

Akaokota moja, akairudisha, akaokota nyingine. Nikasema kwa sauti kwamba madaftari yale ni yangu. Mgeni mmoja alijua Kiswahili, akawatafsiria wenzake. Waliondoka siku ile ile, na kisima hakikuja.

Kijiji kikanigeuka! Akina mama wale wale walionifundisha walipita na ndoo zao wakinisonya. Hilo liliniuma kuliko Elia. Wengine husema hadi leo kwamba niliwanyima maji. Je, ningedanganya? Nimwongezee mwizi na heshima? Thubutu! Hata wangeniuliza leo, ningesema yale yale.

Mabinti zangu, nawasihi, msipite nilikopita. Kazi ya mikono yako usimkabidhi mtu kwa sababu tu mmechumbiana. Ipeleke mwenyewe, hata kwa kuchapwa.

Wala msinionee huruma. Elia yupo, ofisi ilimfukuza, anafuga mbuzi huko Iguguno. Kwa umri ni kaka yangu mkubwa kabisa. Lakini tukikutana mnadani, yeye ndiye anayeinamisha kichwa na kuniambia shikamoo.

Nami naitikia, marahaba!