Fainali ya Sururia

Siku Nchagwa alipokuja kushonesha jezi ya nchi isiyokuwepo, Dorka Okal alikuwa na pini tatu mdomoni na wateja wanne mbele yake. Ilikuwa siku ya soko mjini Tarime. Wapiga debe wa stendi walikuwa wakishindana kuita Sirari, Mugumu, Musoma, na harufu ya ndizi za kuchoma ilikuwa imelijaza baraza lote la mafundi cherehani.

“Nataka jezi,” alisema kijana aliyesimama mbele ya cherehani yake. “Ya timu ya taifa.”

“Za taifa wanauza hapo kwa jirani, tayari zimeshonwa.”

“Hizo ni za Tanzania. Mimi nataka ya Sururia.”

Dorka akatema pini. Jiografia hakuwahi kufeli. “Sururia iko wapi?”

Kijana akagonga daftari nene alilolibana kwapani. “Humu.”

Wateja wakacheka. Yeye hakucheka wala hakuona haya, na hapo ndipo Dorka alipomtazama vizuri. Mrefu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, viatu vimejaa vumbi la Serengeti. Alisema ni mpishi kwenye kambi ya watalii karibu na lango la Ikoma, na kwao ni Nyansurura. Alipokuwa na miaka kumi ng'ombe alimvunja mguu, akalala miezi mitano bila mpira wala mwenzake wa kucheza naye, akaamua kuanzisha nchi. Ina timu kumi na sita za ligi kuu, ina kombe la shirikisho, ina timu ya taifa na nchi jirani za kushindana nayo. Matokeo hupatikana kwa punje tano za mahindi zilizopakwa wino upande mmoja. Kila timu hurushiwa mara moja, na kila punje inayolala wino juu ni goli.

“Na wewe huko ndiye nani? Rais?”

“Rais wa shirikisho la mpira tu. Siasa sitaki.”

“Na timu unayoipenda huipi magoli ya bure?”

Uso wa kijana ukabadilika. “Dada, miaka kumi na tisa sijawahi kugeuza punje hata moja. Ikianguka, imeanguka.”

Dorka alilipenda jibu lile kuliko shati, kuliko hata yale macho. Alikuwa na sababu. Baba yake alivuka mpaka kwenda Migori yeye akiwa darasa la tatu, na kwa miaka sita akawa anapiga simu kila wiki: “Nakuja Jumamosi, nyara, binti yangu.” Jumamosi zilikuja, baba hakuja. Tangu hapo Dorka aliwaogopa watu wa maneno matamu kuliko alivyowaogopa wezi.

Akachukua futi, akampima mabega. Alimpima mara mbili, na mara ya pili haikuwa na sababu yoyote ya kikazi.

Basi mambo yakaanza. Mkabala na baraza la mafundi kulikuwa na banda umiza la Mzee Nyangwine, ambako watu hujazana kutazama mpira wa Ulaya. Kila Jumamosi saa tisa alasiri, kabla mechi hazijaanza, Nchagwa alipanda mwamba nyuma ya kambi yake kutafuta mtandao, akapiga simu, na mzee akaisogeza simu kwenye maiki. Spika ikatangaza matokeo ya Sururia hadi stendi. Mwanzoni ulikuwa utani. Baada ya mwezi, madereva wa bodaboda walikuwa wameshagawana timu na wengine wameshanuniana. Wengi walishabikia Chui Weusi. Dorka, kwa kuwa ni mtu wa ziwa, alichukua Dagaa Stars.

“Mheshimiwa Rais,” alimwambia kwenye simu, “tumefungwa tena.”

“Pole, mama. Kipa wenu ni mfupi.”

“Mrefushe!”

“Siwezi. Alizaliwa hivyo. Umekula?”

“Ugali na dagaa. Huenda nimemla mshambuliaji wetu.”

“Ndiyo maana hamfungi! Dorka wangu, hebu cheka tena, mtandao ulikatika nikakosa nusu.”

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Soko zima lilijua. Ilipofika miezi mitano, Dagaa Stars wakaingia fainali ya kombe dhidi ya Chui Weusi, na Nchagwa akasema, “Fainali Jumamosi, Jumapili nakuja. Nina swali la kukuuliza.” Dorka alijua ni swali gani. Akanunua kitambaa cha kijani, rangi ya Sururia, akajishonea gauni.

Jumamosi ile spika ikanguruma: Dagaa Stars mbili, Chui Weusi moja! Dorka alicheza katikati ya barabara mpaka pikipiki zikasimama kumpisha.

Jumapili Nchagwa akaja na daftari lake, akaliweka juu ya cherehani, akaenda kuleta chai. Dorka akalifungua ausome ushindi kwa macho yake mwenyewe. Ukurasa wa fainali ulikuwa na kipande cha karatasi kilichobandikwa kwa gundi, na pembe moja ilikuwa imeinuka. Akaivuta. Chini yake, kwa mwandiko uleule, palikuwa pameandikwa: Chui Weusi nne, Dagaa Stars moja.

Nchagwa alirudi na vikombe viwili, akamkuta ameshika kile kipande.

“Hii ni nini?”

Hakukana. “Nilitaka kukuuliza lile swali. Nikaona nitakuulizaje ukiwa na msiba wa kombe?”

“Kwa hiyo ukanidanganya.”

“Dorka, ni mpira wa daftari tu.”

Hapo aliharibu zaidi. Machozi yakamtoka Dorka. “Siku zote ulikuwa si wa daftari! Kama unaweza kunidanganya kwenye nchi uliyoiumba mwenyewe, hapa Tanzania itakuwaje? Chukua daftari lako. Chai unywe mwenyewe.”

Simu zikaanza kuita, Dorka hapokei. Eunice, fundi mwenzake wa cherehani ya pili, alishindwa kunyamaza. “Mwanaume kakupa kombe, unamnunia? Wangu hajanipa hata kikombe.”

“Leo anabandika karatasi, kesho ataniambia ‘nakuja Jumamosi.’ Namjua mtu wa hivyo. Nimelelewa kwa simu zake.”

Alikuwa anampenda, na ndiyo maana ilimuuma vile. Gauni la kijani alilikunja, akalitia chini kabisa ya mfuko wa vitambaa.

Jumamosi mbili Sururia ilikaa kimya. Jumamosi ya tatu, saa tisa, spika ikakwaruza, na sauti ya Nchagwa ikavuka barabara.

“Wapenzi wa mpira, nawaamkia. Matokeo ya fainali niliyowasomea hayakuwa ya kweli. Mechi iliisha Chui Weusi nne, Dagaa Stars moja. Niliyabadilisha mimi, kwa mkono wangu.”

Banda lililipuka. Mashabiki wa Chui Weusi walipiga mabati, wa Dagaa walitaka kumzomea mtu aliyekuwa kilomita nyingi kutoka hapo. Mzee Nyangwine akapiga filimbi. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, lakini huyu alikuwa amejivua mwenyewe mbele ya mji mzima.

“Kombe linarudi kwa wenyewe,” sauti iliendelea. “Rais wa shirikisho amejiuzulu. Kuanzia leo punje zitarushwa hadharani, hapo bandani. Jumamosi ijayo ni fainali ya Afrika, Sururia na Bandoro. Naomba arushe fundi Dorka. Asipotaka, mechi haichezwi, na nchi naifunga.”

Watu wote wakageuka kutazama baraza la mafundi. Dorka aliinamisha kichwa, akaendelea kukanyaga cherehani isiyokuwa na uzi.

Wiki nzima madereva wa bodaboda walipita kumsihi. Ijumaa akalitoa lile gauni, akakaa nalo jioni nzima, akalifumua mahali na kulishona upya.

Jumamosi banda lilijaa mpaka watu wakapanda dirishani. Nchagwa alisimama kando ya meza akiwa na jezi ya kijani aliyoshonewa siku ile ya kwanza, amekonda kidogo. Dorka akaingia, gauni lake la kijani limemkaa kiunoni, kitambaa cha njano kichwani. Alimwamkia Mzee Nyangwine shikamoo. Kwa Nchagwa alinyoosha tu mkono wa kudai punje.

Akarusha za Bandoro kwenye sinia lililokuwa mezani. Tatu, wino juu. Banda likaguna.

“Sasa za kwetu,” alisema, na yeye mwenyewe akashtuka kusikia amesema kwetu.

Akazitikisa kiganjani, akaachia. Moja, wino. Mbili. Tatu. Ya nne ikalala nyeupe. Ya tano ikabingirika hadi ukingoni mwa sinia, ikasimama kwa kuegemea, ikafikiri, ikalala. Mzee Nyangwine akavaa miwani, akainama, akainuka.

“Wino! Nne kwa tatu! Sururia bingwa wa Afrika!”

Chui na Dagaa wakakumbatiana. Mtu alimbeba Eunice mabegani bila ruhusa. Kelele zikafika stendi, makondakta wakaacha mabasi wakaja kuuliza nani kafunga. Katikati ya vurugu hizo Dorka akachukua maiki.

“Nyamazeni kidogo. Nchagwa, tazama gauni langu. Nimependeza?”

Nchagwa akamtazama juu mpaka chini. Alikuwa na jibu tamu, lilionekana kabisa mdomoni, na Dorka aliliona likija. Akalimeza.

“Umependeza sana,” alisema. “Ila mkono wa kushoto umezidi wa kulia.”

“Aah!” banda zima likalalamika. Eunice akajifunika uso huko juu.

“Umezidi kiasi gani?”

“Vidole viwili.”

Dorka akavua futi shingoni, akapima mbele ya mashahidi. Vidole viwili kamili. Moyo wake ukafunguka, akacheka kile kicheko kilichokuwa kinakatika kwenye mtandao, na safari hii Nchagwa alikipata chote.

“Nimeuzidisha jana kwa makusudi,” alisema. “Sasa niulize lile swali.”

“Utaolewa na mimi, Dorka?”

“Na ng'ombe wa mahari watatoka Sururia?”

“Watatoka Nyansurura. Mama yako aje awashike mkia mmoja mmoja.”

“Basi ndiyo,” alisema Dorka. Maiki ilikuwa bado mkononi, na hiyo “ndiyo” ikasikika hadi stendi, wala hakuna shabiki aliyedai irudiwe.