Nilichoonja Mulanda

Watu wa Tororo waliniita daktari wa miti, na wengine, nikishapita, mchawi wa serikali. Sikujali. Mimi ni mkemia. Kazi yangu mwaka ule wa 1965 ilikuwa kukusanya mizizi na magome ambayo watu hujitibu nayo, kuyakausha kivulini, kuyatwanga, kuyaloweka kwenye spiriti, halafu kutafuta ni kitu gani hasa ndani yake kinachofanya kazi. Mambo ya mizimu niliwaachia wenye nafasi. Mimi Truphena, binti wa Kisamia kutoka Busia ya Kenya, niliyekaa chuo kikuu mpaka shangazi zangu wakakata tamaa ya mahari, nitishwe na nini?

Jioni moja nililetewa habari kwamba kuna bibi mgonjwa kule Mulanda mwenye mzizi unaomfanya mtu akeshe na asichoke. Mzizi huo nilikuwa nimeutafuta tangu nianze kazi. Kila niliyemuuliza alibadilisha mazungumzo, akanipa habari za mvua. Nikasema, ni leo. Yaya alikuwa ameenda msibani, na mume wangu Tom alikuwa bado kazini kwenye reli, Malaba. Basi nikamfunga mgongoni binti yangu Nereah, mtoto mchanga asiyejua hata kutambaa, nikapanda gari la ofisi.

Dereva wetu, Ochen, alisimama mbali na ile nyumba, akazima injini.

"Mimi nangoja hapa."

"Kwa nini? Unaogopa gari litaibwa na kuku?"

"Madam, hiyo nyumba mimi siingia."

"Mwanaume mzima, na masharubu yote hayo!"

Hakucheka. Alitazama usukani. Nikamwacha, nikashika njia ya katikati ya mtama huku jua likizama.

Uani palikuwa kimya. Hakukuwa na mbwa wala mtoto. Mwanamke mmoja alikuwa akipepeta ulezi karibu na jiko. Nilipomsalimu alinionyesha nyumba ya mwisho kwa kidevu, bila kuinua macho. Huyo alikuwa Akongo, bintiye mgonjwa. Nikajisemea, watu wengine hawakufunzwa adabu.

Nikainama, nikaingia.

Harufu ilinipiga kwanza. Masizi, udongo mbichi... na kitu kitamu, kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Kisha macho yakazoea giza, nikamwona. Bibi Akello alilala juu ya ngozi ya ng'ombe. Nimeona wagonjwa wengi, lakini yule hakuwa na nyama iliyobaki ya kuugua. Alikuwa mifupa na macho. Lakini miguu yake! Ilikuwa minene, imara, miguu ya msichana wa shule. Na ilikuwa ikitikisika chini ya shuka, polepole, bila kupumzika.

"Daktari ya miti," alinong'ona. "Umekuja."

"Nimekuja, bibi. Pole kwa ugonjwa."

"Wao wote nakataa. Wewe hapana kataa."

Akafungua ngumi. Ndani yake kulikuwa na kipande cha mzizi mwekundu, kimelowa jasho la kiganja chake.

"Onja."

Sasa mtu atauliza, ulionjaje kitu kama hicho? Ilikuwa desturi ya kazi. Kabla ya chupa na asidi, wakemia wa mimea wakati ule tulianza na ulimi. Vitu vyenye nguvu kwenye mizizi mara nyingi ni vichungu, na ulimi huvijua kabla ya chombo chochote. Unauma kidogo, unasikiliza uchungu, unatema. Hivyo ndivyo tulivyofunzwa, na mizizi yote niliyowahi kuletewa niliionja hivyo hivyo. Nikanyoosha mkono nikichukue kile kipande. Bibi akakivuta nyuma. Alitaka kunitilia mdomoni mwenyewe. Nikaona ni mzee, ni mgonjwa, kumnyima hilo ni ukosefu wa heshima. Nikafungua mdomo.

Uchungu ule! Ulinishika mpaka masikioni. Nikatema mlangoni, lakini maji yake yalikuwa yameshashuka kooni.

Miguu ya bibi ikatulia.

Papo hapo Nereah akaamka, akalia kwa njaa. Nikamshusha mgongoni, nikaketi kwenye kigoda, nikamnyonyesha. Bibi Akello alimtazama mtoto akinyonya. Akatabasamu. Halafu akacheka, kicheko kidogo cha puani, kama mtu aliyepewa zaidi ya alichoomba.

"Sasa nalala," akasema.

Akageukia ukutani.

Nilipotoka nje jua lilikuwa limeshazama. Akongo aliniona nikifuta mdomo. Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Umekula kitu?"

"Nimeonja tu mzizi."

"Kwa mukono yake?"

"Kwa mkono wake, ndiyo. Kuna nini?"

Aliweka ungo chini, akakimbilia ndani. Nikangoja mayowe, maana nilijua... sijui nilijuaje, lakini nilijua kwamba bibi amekufa. Mayowe hayakuja. Akongo alitoka taratibu, akapiga magoti mbele yangu, akashika miguu yangu kwa mikono miwili.

"Asante," akasema. "Asante, mama. Asante."

Nikavuta miguu yangu nyuma.

Akanieleza kwa kunong'ona, akiangalia njia kana kwamba majirani wangesikia. Mama yake alikuwa jajwok, mtu anayekimbia uchi usiku akizunguka nyumba za watu. Hakujitakia. Alilishwa na mama mkwe wake alipoolewa. Kitu hicho hakimwachi mtu hadi mwingine ale kwa mkono wake, na kama hakuna anayekula, mwenyewe hafi, hata akiugua vipi. Tangu mavuno yaliyopita Bibi Akello alikuwa akioza na hafi. Mke wa mwanawe alikataa chakula chake, akarudi kwao. Akongo mwenyewe alikataa.

"Mimi ni mutoto yake," akasema, machozi yakimtoka, "na mimi nakataa."

"Upuuzi," nikasema. Sauti yangu ilitetemeka, nikakasirika kwamba inatetemeka. "Kwa hiyo sasa ninacho mimi?"

Akongo akatazama kifua changu. Blauzi ilikuwa imelowa maziwa. Akamtazama Nereah, aliyelala begani kwangu, mdomo ukiwa bado mweupe.

"Ulimupa nyonyo? Baada ya kuonja?"

Nikamfuta mtoto mdomo kwa kiganja.

"Basi sijui," akasema. "Sijui ni nani iko nacho."

Kwenye gari Ochen aliendesha akitazama mbele tu. Mimi nilikuwa nikibishana na nafsi yangu. Mkemia ndani yangu alisema, ni bibi mgonjwa, amekufa kwa ugonjwa wake. Mama ndani yangu alimshika mtoto kwa nguvu mpaka akalia.

Nyumbani nilimwambia Tom kila kitu. Tom ni Mluo wa Ugenya. Kule mambo ya watu wa usiku huzungumzwa mezani kama habari za kodi. Alicheka, akaniona usoni, akaacha kucheka. Akachukua kamba ya ng'ombe, akaifunga kwenye kifundo cha mguu wangu, ncha nyingine kwenye mguu wa kitanda. Mume wangu, baba wa watu, ananifunga kama ndama. Sikumzuia.

Na miguu ikaanza.

Kwanza nyayo ziliwasha. Kisha mapaja yakaanza kuruka yenyewe. Usingizi ukanihama. Moyo ulikuwa mwepesi, nje kulikuwa kunaniita, na kila nilipofumba macho niliona njia nyeupe kwenye mtama. Nililia, na wala haikuwa kwa woga. Nililia kwa furaha! Nilimwambia Tom, "Ninacho mimi, Tom. Ninacho mimi. Mtoto yuko salama." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilikuwa tayari kukimbia uchi hadi kilima cha Osukuru na kurudi, maisha yangu yote, mradi awe ni mimi.

Nereah naye hakulala. Hakulia. Alikuwa chali, macho wazi, akipiga teke hewani.

Asubuhi nilikwenda maabara na kile kipande kilichobaki, ambacho nilikikuta kwenye mfuko wa sketi yangu ingawa sikumbuki kukitia humo. Nikakitwanga, nikakiloweka, nikachuja, nikatia tone la asidi na dawa ya kupimia. Maji yakageuka meupe kama togwa. Alkaloidi, ile dawa chungu ya mimea niliyokuwa nikiiwinda. Nilipoyakausha, nikapata fuwele nyembamba zenye kumeta. Nilikaribia kuimba. Kumbe ndicho hicho! Dawa ya kukesha, nguvu zaidi ya kahawa, inarusha misuli na kufukuza usingizi. Hupita kwenye maziwa, kila mkemia anajua hilo, kwa hiyo mtoto naye amekesha. Hutoka mwilini baada ya siku chache. Hakuna mchawi hapa, Truphena. Kuna dawa.

Na kweli ikatoka. Kabla ya Jumapili nililala kama gogo. Miguu ilitulia. Tom akaikata ile kamba, tukaenda kanisani, tukaimba kwa sauti.

Lakini Nereah hakulala.

Juma likapita. Mwezi ukapita. Mchana alikuwa mtoto kama watoto wengine, mzito, mvivu hata wa kutambaa. Jioni ikiingia, macho yake yalifunguka. Nilimpa maziwa ya ng'ombe, nikaacha kabisa kumnyonyesha. Hakubadilika. Alkaloidi gani hukaa mwilini miezi? Niliwaandikia wenzangu chuoni nikiuliza. Wakajibu kwamba haiwezekani.

Halafu ikaja jioni ile ya mvua. Nilikuwa jikoni nakoroga uji. Tom alikuwa hajarudi. Nereah nilimwacha mkekani, sebuleni.

Nikasikia nyayo.

Tap... tap... tap. Nje, nyuma ya nyumba. Nyayo ndogo, peku, kwenye matope. Zilipita chini ya dirisha la jiko. Zikazunguka. Zikapita tena, mbio zaidi.

Nilikimbia sebuleni. Mkeka mtupu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, kama nilivyoufunga. Nikalivuta komeo, nikapiga kelele, "Nereah!"

Nyayo zikanyamaza.

Nyuma yangu, mkekani, mtoto alikuwa ameketi. Ananitazama. Matope yamempanda hadi magotini, anahema, anacheka. Mtoto ambaye hajawahi kusimama.

Nilipiga magoti. Nilikumbuka maneno ya Akongo, kwamba kitu hicho hutoka kwa mkono. Basi nikaleta uji, nikachovya vidole vyake, nikavivuta mdomoni mwangu. "Mpe mama," nikamwambia. "Mpe mama, mwanangu. Nirudishie."

Akafunga ngumi. Nilijaribu kuifungua, mimi mtu mzima, na kile kingumi kidogo hakikufunguka. Alitikisa kichwa, akapeleka uji wote kinywani mwake mwenyewe.

Nimejaribu hivyo tangu siku ile. Kwa muhogo, kwa sukari, kwa mkate wa sikukuu. Nereah ni mtu mzima sasa, mwalimu, mpole, anapendwa na wanafunzi wake. Hakuolewa. Wachumba walikuja, akawakataa wote, na kwenye harusi za wengine hamlishi mtu keki, hata kwa mzaha. Akija kunitembelea hupika vizuri kuliko mimi. Jioni ikiingia, tunaketi, na mimi, mzee asiye na haya, hufungua mdomo kama kifaranga.

"Nilishe kidogo tu, mwanangu. Mara moja tu."

Yeye husukuma sahani mezani kuelekea kwangu, bila kuinua macho.

"Jipakulie mwenyewe, mama."

Kisha huvua viatu, huviweka vizuri kando ya mlango, na hutoka.