Itadhani Iko Kwao

Kitu cha kwanza alichokiona mdarizi kwa yule fundi wa kompyuta ni kwamba alicheka kabla mtu hajamaliza kusema. Ghorofa ya chini ya jengo la maduka ilijaa watu waliokumbatia mashine zao kama wagonjwa, na fundi, shati la samawati limekunjwa hadi viwikoni, alimcheka kila mmoja kidogo. Zamu yake ilipofika, mdarizi aliiweka kompyuta ya shangazi yake kwenye kaunta.

"Inakataa programu ya kudarizi," alisema kwa sauti ndogo. "Ile ya kuchora nembo za sare. Kompyuta ya zamani iliikubali, lakini imeungua. Hii ya sasa..."

Fundi alikwishacheka. "Hii ina mfumo mwingine, dada. Programu yako imezaliwa kwingine, huku haielewi lugha. Nitaiwekea mkalimani katikati."

"Mkalimani?"

"Kaprogramu kadogo. Yako ikiomba kitu, mkalimani anatafsiri, inaletewa. Ikitaka diski C, ghala lake la mafaili, huku hakuna diski C. Inapewa folda tu iliyoandikwa C, na inaridhika. Itadhani iko kwao."

"Ikigundua je?"

"Haigundui."

Kidirisha kikafunguka, na ndani yake ikatokea nembo ya shule, nyuzi zake zote mahali pake. Mdarizi akatabasamu, akauziba mdomo kwa kiganja. Fundi akaliona hilo, akaomba namba ya simu, ati amfuatilie mgonjwa.

Hali ya mgonjwa haikuulizwa hata siku moja. Fundi alipiga asubuhi mdarizi akibadilisha uzi, akapiga tena mchana.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Maneno yako."

"Basi utakonda."

Fundi alikuwa haandiki ujumbe tena. Alishang'amua kuwa ujumbe wake hujibiwa kesho yake, baada ya shangazi kumsomea mdarizi. Hakuuliza kisa, na mdarizi hakusema. Alimshukuru kimoyomoyo kwa adabu ile.

"Jumapili nakupeleka kwa mama," fundi alimwambia siku moja. "Ila mama alikuwa mwalimu mkuu, anapenda wasomi. Sema ulisomea ubunifu wa mavazi chuoni. Nitakupanga, nikufundishe majibu yote."

"Nikikosea?"

"Hukosei. Mimi niko katikati."

Jumapili mdarizi alivaa gauni la kijani ambalo kola yake aliidarizi mwenyewe, majani madogo madogo, na viatu vya kuazima vilivyombana. Mama wa fundi alimkumbatia mlangoni. Dada mkubwa wa fundi, miwani juu ya nywele, alimkalisha mkabala naye mezani.

"Wifi, fizikia ya nguo mlisoma mwaka wa kwanza au wa pili?"

Hilo hakupangwa. Akamtazama fundi, fundi akatazama sahani.

"Wa pili, wifi."

"Lile la uzito wa vifungo?"

"Hilohilo. Vifungo vilinisumbua kidogo."

Mama aliinama, mabega yakimtikisika. Mdarizi akadhani amepaliwa, akakimbilia jikoni kumletea maji.

Ukuta wa jikoni ulikuwa mwembamba.

"Vifungo vilimsumbua," dada alikuwa akisema, amekatika pumzi kwa kicheko. "Somo lenyewe nimelibuni hapahapa. Ulisema anameza chochote, sikuamini."

"Nilikwambia," fundi alijibu. "Mpe folda, atadhani ni diski."

"Na kusoma hajui?"

"Hata ujumbe wa simu anasomewa na shangazi yake."

"Basi, mtasikika," mama alisema. "Msichana ana adabu, mkono wake mzuri. Muoe tu. Wa namna hiyo hakuulizi ulikolala."

Walijua tangu mwanzo. Meza nzima ilikuwa imepangwa, na yeye peke yake ndiye hakuambiwa. Mdarizi alisimama mpaka glasi ilipojaa na kumwagikia vidole vyake. Akafunga bomba, akaifuta glasi kwa upindo wa gauni, akarudi. Alimpa mama maji kwa mikono miwili.

"Wifi," dada alianza tena, uso mkavu, "na mtihani wa mwisho ulikuwa wa nini?"

"Wa kubeba maji bila kummwagia mtu," mdarizi alijibu. "Nimefaulu."

Akachukua mkoba wake. Fundi alimfikia kwenye ngazi.

"Mpenzi, ule ulikuwa utani wa nyumbani. Mama amekukubali. Nakuoa hivyohivyo ulivyo."

"Hivyohivyo nikoje?"

"Si unajua."

"Sema."

Fundi akajikuna shingo.

"Niliacha shule darasa la pili," mdarizi alisema. "Mama aliugua, nikabaki kumwogesha. Ungeniuliza ningekwambia. Lakini hukutaka kujua, ulitaka kuona nitajibu nini."

"Nisamehe basi. Nakupenda."

Siku zote, kila fundi aliposema hivyo kwenye simu, yeye alijibu "haya" na kukata haraka, kwa sababu neno lenyewe lilikuwa kubwa kuliko mdomo wake. Alikuwa amelitunza kwa siku atakayoposwa, na siku ndiyo hii. Alivua vile viatu vya kuazima, akavishika mkononi, akashuka ngazi chache. Kisha akageuka.

"Nilikupenda," akasema.