Kisigino cha Baba Lennox

Mimi naitwa Naliaka. Naishi Kitengela na mume wangu, kwa ploti ya nyumba sita, karibu na mahali lami inaisha. Mume wangu ni Wakhungu, lakini majirani wanamwita Baba Lennox. Lennox wetu yuko shule ya bweni, kwa hivyo nyumbani tuko wawili tu.

Wawili, na kimya kingi. Wakhungu anafanya kazi kwa ghala moja Nairobi. Mimi nashona nguo katika kiwanda huko Athi River. Akirudi saa tatu usiku, mimi nasinzia. Nikiwa macho, yeye anaangalia simu. Tulikuwa tunaongea gesi ikiisha au maji yakikatika, basi. Ilifika mahali nikajiuliza kama bado tunapendana. Swali hilo liliniumiza sana.

Kilichotusaidia ni mbio. Siku moja kulikuwa na wauguzi kanisani, wakitupima presha na uzito. Walituambia sote wawili tuanze mazoezi. Tukaanza. Saa kumi na moja na nusu asubuhi tunatoka kwa geti, tunafuata barabara ya murram, ile isiyo na lami, mpaka kwenye waya za ua wa ranchi, halafu tunarudi. Tunakimbia pole pole, mwendo wa mtu anayeweza kuongea.

Na Wakhungu anaongea! Huyu mtu ambaye nyumbani hujibu "mm", barabarani anakuwa redio. Labda ni kwa sababu hatuangaliani usoni. Aliniambia juu ya bosi wake anayepiga kelele. Aliniambia anataka kufuga kuku. Alinicheka, ati nakimbia kama mtu anayetafuta choo. Nilicheka mpaka nikasimama. Hiyo nusu saa ndiyo ilikuwa ndoa yetu, nasema ukweli.

Halafu kisigino kikaanza.

Nilimwona asubuhi moja akitoka kitandani. Hatua za kwanza alishika ukuta.

"Ni nini?" nikamuuliza.

"Mguu imelala tu."

Mguu gani unalala kila asubuhi? Baada ya wiki mbili ilibidi aseme. Alikuwa anaumwa nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino. Asubuhi panakaza. Akitembea kidogo panalegea. Akikimbia panauma tena.

Mimi nilishuku raba zake. Alikuwa amenunua raba mpya za mtumba, nyepesi sana, na soli nyembamba kama chapati. Alisema ndizo wanariadha wanavaa. Na wiki hiyo hiyo aliyozivaa, alianza kuamka Jumamosi kukimbia peke yake, mbali mara mbili ya kawaida. Lakini ukimwambia Wakhungu kitu kama hicho, ana jibu tayari.

"Shida si viatu kuwa nyembamba," akasema. "Shida ni viatu. Angalia Ledama."

Ledama ni Mmaasai anayetuletea maziwa kila asubuhi. Anatembea kutoka bomani kwao mpaka kwetu, halafu anazunguka mtaa mzima, na miguuni ana akala, zile ndara za matairi. Hajawahi kulalamika mguu.

"Hawa watu wanatembea na akala maisha yao yote," Wakhungu akasema. "Umewahi kuona mmoja akichechemea?"

Jioni hiyo alipitia kwa fundi wa akala. Kesho yake akazivaa kukimbia. Ai, mume wangu! Siku ya kwanza alijikaza. Siku ya pili, kabla hatujafika kwenye waya za ranchi, aliketi juu ya jiwe na kushika mguu. Tulirudi tukitembea.

Asubuhi iliyofuata nilivaa viatu. Yeye alibaki kitandani.

"Enda peke yako," akasema, akageukia ukuta.

Nilienda. Nilikimbia mpaka kwenye kona, nikageuka, nikarudi. Haikuwa na ladha. Siku tatu zilipita hivyo. Akirudi kutoka kazini ni simu, ni chakula, ni kulala. Akitoka ni "nimeenda". Niliona tunarudi kulekule tulikotoka, na niliogopa.

Siku ya nne Ledama alikuja na maziwa. Ananisalimia kwa Kimaasai tangu nihamie hapa.

"Takwenya, mama."

"Iko," nikaitikia kwa Kimaasai.

Akaona akala mpya mlangoni. "Hizi ni za nani?"

Nikamweleza. Ledama alicheka mpaka akaweka mtungi chini.

"Mama Lennox, mimi nimevaa akala tangu nichunge mbuzi. Hii mguu imezoea. Mzee wako amevaa viatu ya ofisi miaka ngapi?"

"Ishirini hivi."

"Sasa anataka kuazima mguu yangu? Mwambie mguu haiazimwi." Akafuta machozi ya kucheka, kisha akawa makini. "Lakini usikae na hiyo kitu. Si Soipan yuko hapo nyumba namba nne? Hiyo ndiyo kazi yake."

Kweli. Soipan ni jirani yetu, na ni fizio hospitalini, huko Kajiado mjini. Fizio ni mtaalamu anayetibu viungo na misuli kwa mazoezi. Nilikuwa namwona kila siku akianika nguo. Haikunijia akilini kumuuliza. Tunaangalia mbali, kumbe msaada uko mlango wa pili!

Jumapili baada ya kanisa Soipan alikuja. Wakhungu alijifanya anatafuta chaja.

"Baba Lennox, kaa hapa," Soipan akasema. "Toa soksi. Mimi sing'ati."

Alibonyeza nyuma ya mguu, pole pole, kutoka juu hadi chini. Alipofika juu ya kisigino, upana wa vidole viwili hivi, Wakhungu akaruka.

"Hapo," Soipan akasema. "Hii kamba ngumu inaitwa kano. Imeshika nyama ya shavu la mguu, ikashika na kisigino. Ukikimbia, ndiyo inavuta. Simama kwa vidole."

Wakhungu alishika meza, akainuka.

"Inauma?"

"Kidogo."

"Vizuri. Haijakatika. Imechoka tu. Siku moja ukisikia 'pa!' kama mtu amekupiga na jiwe hapo nyuma, na ushindwe kusimama kwa vidole, usingoje. Unaenda hospitali siku hiyo hiyo. Hata ukiona imefura sana, imekuwa nyekundu na uko na joto mwilini. Umesikia, Mama Lennox?"

"Nimesikia," nikajibu.

"Mimi nilikuwa namkanda na maji ya moto, kwa nguvu," nikaongeza, nikikiri.

"Ulikuwa unaikasirisha. Wacha kuikanda hapo penye inauma."

Kisha akaomba kuona viatu. Akaweka raba nyembamba na akala juu ya stuli, moja kando ya nyingine. Akainama, akaziangalia kwa ubavu.

"Angalieni. Kisigino na vidole viko sawa chini. Viatu vyako vya kazi viko na kisigino, si ndiyo? Kamba yako imezoea hapo juu. Ukaishusha ghafla, na ukaongeza mbio wiki hiyo hiyo. Sasa imevutwa mara mbili."

"Kwani Ledama?" Wakhungu akauliza. Mbishi ni mbishi.

"Ledama alianza akiwa mtoto, mwili ikajijenga pole pole. Akala si mbaya. Ni mbaya kwako, leo."

Wakhungu aliangalia mguu wake. Halafu akasema kitu ambacho sikutarajia.

"Mimi sitaki kuacha kukimbia. Nilificha kwa sababu nilijua mtaniambia niache. Nikiacha..." Akaniangalia. "Hapo ndipo tunaongea, mimi na huyu."

Nilishikwa na machozi. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa naihesabu hiyo nusu saa.

"Nani amesema uache?" Soipan akasema, kama hajaona chochote. "Utapunguza tu. Na utavaa kiatu ya kukufaa."

Alituambia tutafute raba za kukimbia za kila siku, si za mashindano. Soli ya nyuma iwe nene kuliko ya mbele, kama upana wa kidole kimoja hivi, ili kisigino kikae juu na kamba isivutike sana. Na ule ukingo wa nyuma, unaogusa kano, uwe laini. "Twendeni jioni," akaongeza, "kwa sababu mguu hufura kidogo jioni. Na ubebe soksi zako za kukimbia."

Basi jioni tulienda sokoni, kwa Irungu. Irungu anauza raba za mtumba. Anaziosha, anazipiga brashi, anazipanga juu ya turubai kwa rangi. Wakhungu hakukawia. Alinyakua nyekundu, nyepesi, zenye soli nyembamba.

"Boss, hiyo ni ya mbio kali," Irungu akasifu.

"Rudisha," nikasema.

Nilizipata za kijivu. Sura hazikuwa nazo, lakini nyuma zilikuwa na soli nene. Wakhungu alikunja uso.

"Hizi ni za mzee."

"Mzee ni nani, wewe ama kisigino?" Irungu akamuuliza, na mama aliyekuwa akichagua viatu vya watoto akacheka kwa sauti.

Soipan alizigeuza. Soli ilikuwa imelika upande mmoja. Akaibonyeza kwa kidole gumba, ilikuwa ngumu kama mbao. "Hii imeisha," akasema. "Kiatu ya mtumba inaweza kung'aa juu na imekufa ndani. Lazima ubonyeze."

Jozi ya pili ilikuwa nzuri ya soli, lakini ukingo wa nyuma ulimfinya Wakhungu palepale penye maumivu. Soipan hakumruhusu aseme "zitazoea". Jozi ya tatu, za bluu, zilibonyea na kurudi. Wakhungu alivaa zote mbili, na soksi. Akasimama. Mbele ya kidole kirefu kulibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Akatembea, halafu akakimbia hadi kwa muuza nyanya na kurudi.

"Unasikia nini hapo nyuma?" Soipan akauliza.

"Sisikii kitu," Wakhungu akasema, na uso wake ukafunguka.

"Usifurahi sana. Kiatu haiponyi. Inapunguzia mguu mzigo tu. Kuponya ni mazoezi."

Na mazoezi yenyewe ni rahisi, hata mwenye nyumba ndogo anaweza. Unashika ukuta. Unainuka kwa vidole vya miguu yote miwili, pole pole. Unashuka pole pole zaidi. Mara kumi na tano, unapumzika, unarudia, mpaka raundi tatu. Wakhungu alifanya kila jioni akiangalia habari. Nyumbani hakutembea miguu mitupu kwa muda, na akala alimpa fundi azirekebishe zinitoshe mimi, za kwenda bafuni.

Asubuhi tulianza kwa kutembea dakika tatu na kukimbia moja. Soipan alikuwa amesema maumivu kidogo si hatari. Lakini kesho yake mguu ukiamka mgumu kuliko jana, ujue umezidisha, urudi nyuma. Wiki ya tano Wakhungu alizidisha. Alikimbia mfululizo mpaka kwenye waya, akajisifu, na kesho yake akashika ukuta tena. Hakuficha safari hii. Tulirudi kutembea siku nne, na kuanza upya.

Ilichukua karibu miezi mitatu. Asubuhi moja mwezi jana tulifika kwenye waya za ranchi tukikimbia, tukageuka. Kulikuwa na baridi na vumbi lilikuwa limetulia. Wakhungu akasema:

"Mwaka jana niliomba kazini wanihamishie tawi la Athi River. Ndio niwe nikirudi mapema."

"Lini?"

"Machi. Walikataa. Sikukuambia, niliona aibu."

Machi! Mwaka mzima nililala nikiamini mume wangu hataki kurudi nyumbani mapema. Mwaka mzima nilikuwa nimekosea.

"Baba Lennox," nikasema, "punguza mwendo."

"Kwani umechoka?"

"Sijachoka. Nataka uniambie yote kabla hatujafika kwa geti."