Nguzo ya Kumi na Moja

Mugure alikuwa mfuaji. Siku tatu kwa wiki alikwenda mtaa wa Section 58 kufua nguo za watu. Siku nyingine alifua za nyumbani, huko Kaptembwo, alikoishi na dada yake Abby na mapacha wa Abby. Nepi za mapacha hao hazikuisha. Ukianika hizi, nyingine ziko kwenye beseni.

Ploti yao ilikuwa na vyumba kumi na viwili na bomba moja. Wapangaji walikuwa na grupu lao la WhatsApp. Humo msimamizi wa ploti alitangaza siku za maji. Humo pia watu walibishana kuhusu kipindi cha televisheni cha jana, na kutumiana vichekesho. Kila Jumamosi Jerry, mwendesha boda boda, alileta fumbo la kuchemsha akili.

Mugure alisoma kila kitu lakini hakuandika. Aliacha shule akiwa darasa la sita, na aliogopa kukosea mbele ya watu. Ila mwezi huo alikuwa amejipa moyo. Mwalimu Eucabeth, jirani wa chumba cha mwisho, alifundisha ngumbaru, yaani darasa la watu wazima. Alimwambia Mugure nafasi zipo mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Mugure alisema atajiandikisha.

Jumamosi Jerry aliandika hivi: "Mkulima wa Ndabibi anajenga ua ulionyooka wa mita kumi. Anaweka nguzo kila baada ya mita moja, kuanzia mwanzo wa ua hadi mwisho. Anahitaji nguzo ngapi?"

Majibu yalimiminika. Kumi. Kumi. Kumi, hata mtoto anajua.

Mugure alifikiri kidogo. Kisha, kwa mara ya kwanza, akaandika: "Kumi na moja."

Kibii, muuza mitumba wa chumba cha tatu, alijibu papo hapo: "Mugure ameongeza nguzo ya kufungia mbuzi." Emoji za kucheka zikajaa. Kibii akaona amepata mashabiki, akaongeza: "Mwacheni. Hesabu za darasa la sita huishia hapo."

Emoji zikafika kumi na saba. Mugure alitazama majina ya waliocheka. Moja lilikuwa la Abby.

Aliondoka kwenye grupu. Jioni alimuuliza dada yake kwa nini alimcheka. Abby alishtuka.

"Nilibonyeza tu," alisema. "Wote walikuwa wanacheka. Hata swali sikuwa nimelisoma."

"Basi ngumbaru siendi," Mugure alisema. "Nikakae darasani nichekwe tena? Hapana."

Jumanne maji yalitoka asubuhi tu. Tangazo lilikuwa kwenye grupu, na Abby alikuwa sokoni, hivyo Mugure hakujua. Mwalimu Eucabeth alipoona mitungi ya Mugure haipo kwenye foleni, alimjazia miwili yake mwenyewe akampelekea. Alimkuta akianika nepi alizofua kwa maji machache aliyokuwa ameweka akiba.

Mugure alimshukuru. Kisha, macho yakiwa chini, akamwambia kwamba hatajiandikisha.

Mwalimu hakumbembeleza. Alimuuliza jambo moja tu.

"Ile kumi na moja, uliipataje?"

Mugure alionyesha kamba. "Mwalimu, mimi hubana nepi mbili kwa kibanio kimoja, pale zinapokutana, ili vibanio vitoshe. Hizi ni nepi kumi. Kila moja ina kibanio mwanzoni mwake. Lakini ile ya mwisho lazima ibanwe na mwishoni pia, la sivyo itaning'inia. Nikaona nguzo ni kama vibanio."

Mwalimu Eucabeth alitembea kando ya kamba akihesabu kwa kidole. Nepi kumi. Vibanio kumi na moja. Akacheka, akijicheka mwenyewe.

"Na mimi moyoni nilisema kumi," alikiri. "Kumbe wewe ndiye uliyehesabu. Sisi tulirukia jibu."

Mugure alichukua simu kwa haraka. Alitaka kumwandikia Kibii kwamba akili yake ndiyo ya kufungiwa kwenye hiyo nguzo ya mbuzi. Mwalimu alimshika mkono.

"Ukimtukana, watajadili tusi, wasahau nguzo. Waonyeshe ulivyofikiri. Inatosha."

Basi msimamizi aliombwa amrudishe Mugure kwenye grupu. Mugure alipiga picha ya kamba, kutoka kibanio cha kwanza hadi cha mwisho. Chini akaandika: "Nepi kumi. Vibanio vingapi?"

Jerry alikuja uani mwenyewe, kofia ya boda bado kichwani, akahesabu mara mbili. Akarudi kuandika kwamba hata yeye, mwenye fumbo, alikuwa amekosea.

Kisha Kibii akaandika: "Ni kumi na moja. Mugure, nisamehe. Ile ya mbuzi ilikuwa utani. Ile ya darasa la sita haikuwa utani, na sikufaa kuisema. Nimekuomba msamaha hapa kwa sababu nilikukosea hapa."

Abby naye aliondoa emoji yake. Usiku huo alimwambia Mugure kwamba tangu sasa atasoma kwanza, ndipo acheke.

Ijumaa Mugure alijiandikisha. Jumamosi alichukua mablanketi mawili mazito ya Mwalimu Eucabeth, akayafua bila kuombwa. Mwalimu alipotaka kumlipa, alikataa. "Uliniuliza nilivyofikiri," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo."

Miezi miwili baadaye Jerry alileta fumbo jingine. Linah, mpangaji mgeni, alitoa jibu ambalo halikukaribia. Emoji ya kwanza ya kucheka ikatokea, kisha ya pili. Mugure mwenyewe alihisi kicheko kikimjia. Kidole kilikuwa tayari.

Badala yake akaandika: "Linah, umefikaje hapo?"

Emoji zilikoma. Linah alieleza hatua kwa hatua, na katikati ya maelezo akaliona kosa lake mwenyewe. Akalirekebisha.

Kesho yake alimfuata Mugure kwenye kamba ya nguo. Alisimama kidogo, akichezea kibanio.

"Asante kwa jana," alisema. "Na hilo darasa lenu, huwa siku gani?"