Mkazi wa Mugoma

Ilikuwa siku ya soko pale Benaco, na malori ya kwenda mpakani yalikuwa yamejipanga barabara nzima. Odeta alishuka kwenye gari dogo akitokea Biharamulo, amevaa gauni la kitenge cha njano, kichwani amejitwika godoro lililokunjwa na kufungwa kamba. Alipofika penye wauza dagaa kamba ikakatika. Godoro likafunguka, likamkumba kijana aliyekuwa ameinama akichagua dagaa, akaenda chini nao.

"Dada, ungenisalimia kwanza ndipo unilaze!"

"Samahani kaka! Umeumia?"

"Nimelala tu. Unahamia wapi na godoro lote hili?"

"Mugoma, kwa shangazi yangu Febronia."

Kijana akacheka, akijikung'uta dagaa kwenye shati lake la bluu lililopigwa pasi vizuri. "Basi umemwangusha mwenyeji wako. Mimi ni Anastazi, mtendaji wa kijiji chenu."

"Mtendaji? Mbona huna kitambi?"

"Kiko njiani."

Kesho yake asubuhi Odeta alikwenda ofisini kuandikishwa. Chuo kimoja cha uuguzi kule Ngara kilikuwa kinawatoza nusu ya ada wakazi wa wilaya hiyo, Mugoma ikiwemo, mradi wawe wamekaa miezi kumi na miwili kamili, au wawe wameolewa humo. Mama yake alikuwa mjane mkulima wa mihogo. Bila nusu ile, uuguzi angeusikia redioni tu. Anastazi akafungua daftari la wakazi, akaandika: amefika tarehe 14 Septemba.

Mwaka ule ulikwenda kwa upole. Anastazi alimletea chipukizi la mgomba, Odeta akalipanda nyuma ya jiko la shangazi. Jumapili walitoka kanisani pamoja, kila mtu na kitabu chake cha nyimbo, wakiachiana hatua mbili ili wazee wasiseme. Kila jioni simu ya Odeta ililia.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Na wewe, kitambi kimefika wapi?"

Agosti fomu za chuo zikatoka. Miezi kumi na miwili ilitakiwa itimie tarehe 31 mwezi ule ule. Odeta akahesabu kwa vidole, akahesabu tena. Zilipungua wiki mbili.

"Si ni mtu wako huyo?" akasema shangazi Febronia, akimenya ndizi. "Akuandikie Agosti. Au akuoe, yaishe!"

Odeta akainamisha uso. Hilo la pili alikuwa akilingoja tangu Pasaka.

Akaenda ofisini. "Anastazi, ni wiki mbili tu."

"Odeta, tarehe ile siwezi kuigusa."

"Na njia nyingine haipo?" Aliuliza taratibu, akimtazama machoni.

Anastazi aliijua njia hiyo. Akautazama muhuri wake mezani. "Kuna wanaoanza chuo Machi," akasema.

"Haya. Nimekuelewa."

Tangu siku hiyo hakupokea simu zake. Kwenye sala za jumuiya alikaa mwisho kabisa wa mkeka. Kurudi kwao hakuweza, maana angeondoka kabla ya Machi angefutwa kwenye daftari la wakazi. Basi kila jioni aliisikia pikipiki ya Anastazi ikipita, ikipunguza mwendo penye mgomba, kisha ikienda zake. Mara moja tu, wakati wa Majilio, Krismasi ikikaribia, alipokea.

"Odeta?"

"Hii ni namba ya mkazi. Kama kuna mkutano wa kijiji, sema."

"Hakuna mkutano."

"Basi kwaheri, mtendaji."

Februari mgomba ulikuwa umeshatoa mkungu. Odeta akavaa gauni lake la njano, akaenda ofisini. Anastazi aliandika barua ya ukazi pole pole, akagonga muhuri, akaitoa kwa mikono miwili. Odeta akaipokea, akageuka kuelekea mlangoni.

"Odeta, isome tarehe."

"Kumi na nne Septemba. Naijua, imeniliza ya kutosha."

"Ni siku uliyonilaza Benaco. Ningeandika nyingine, ningekuwa nasema uongo juu ya siku ninayomshukuru Mungu kwayo." Akauweka muhuri kando. "Na njia ile nyingine niliiona."

"Uliiona, ukanyamaza?"

"Ningekuoa Agosti, siku tukigombana ungejiuliza: niliolewa, au nilipunguziwa ada? Nami ningejiuliza: alinipenda mimi, au muhuri? Sasa barua ni yako. Huna shida na mimi hata kidogo. Ndiyo maana leo naomba. Nikubali, Odeta."

Odeta aliibana barua kifuani.

"Ungeniambia, ningengoja bila kulia."

"Nilikosa hapo. Nisamehe."

"Chuo ni miaka mitatu."

"Nitangoja."

Akaikunja barua, akaitia ndani ya kitabu cha nyimbo. Machozi yalikuwa yakimtoka, na kicheko nacho kikitoka.

"Basi njoo Biharamulo kwa mama. Lakini na sisi tuna mtendaji wetu. Utaandikwa mgeni kwanza."

"Aniandike," akasema Anastazi, "ila tarehe iwe ya kweli."