Kura ya Kiti cha Mzee

Maharagwe yalikuwa yamezidi moja. Kitinda aliyamwaga tena mezani, akayapanga kwa kidole kama mtoto anayefundishwa namba, na bado yalikuwa yamezidi moja. Tena jeusi.

"Nani katia mawili?" aliuliza.

Kaka yake mkubwa, ambaye nyumba nzima ilimwita Mwenyekiti hata wakati wa kula, alikuwa ameshavua miwani na kukunja mikono juu ya kitambi.

"Jeusi ni jeusi," alisema. "Tuliapa. Hatuuzi. Kikao kimefungwa."

Hivyo ndivyo kikao kilivyofungwa Jumapili hiyo, na ile iliyotangulia, na Kitinda, kitinda mimba wa nyumba ile, alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa.

Marehemu baba yao alikuwa ametia kiinua mgongo chake chote kwenye hisa za kampuni moja kubwa ya kutengeneza chipu, vile vidude vidogo vinavyoiendesha kompyuta. Siku hizo jina la kampuni lilikuwa midomoni mwa kila mtu, na mzee alitembea kifua mbele utadhani kiwanda ni chake. Kisha washindani wakaipita, viwanda vyake vipya vikachelewa, wakurugenzi wakaingia na kutoka, na bei ya hisa ikashuka wee mpaka watu wakaacha kuiulizia. Mzee alikufa akisema itarudi.

Zaidi ya hisa aliwaachia utaratibu. Hakupenda wadogo wawaogope wakubwa, kwa hiyo alitaka kila uamuzi wa kuuza upigiwe kura ya siri. Kila mtu anapewa maharagwe mawili, jeupe la kuuza na jeusi la kushikilia, kisha anadumbukiza moja kwenye kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kifuniko. Likionekana jeusi hata moja, hakuna kuuza. Wote waliapa mbele yake, na wakala wa hisa naye hakugusa kitu bila sahihi za warithi wote.

Sasa jicho moja la mama yao lilikuwa limeshazimika, na presha ya macho ilikuwa inalila la pili. Daktari hakuwazungusha. Alisema kilichopotea hakirudi, kinachookolewa ni kilichobaki, na upasuaji usingoje. Pesa ya upasuaji ilikuwa kwenye zile hisa, hata kwa bei yake ya kutia aibu. Kwingine hakukuwa na kitu.

Na wote walikubali! Hilo ndilo lililomtia Kitinda wazimu. Kwanza walibishana, ndiyo, maana bila kubishana wasingekuwa ndugu.

"Mkurugenzi mpya ni mhandisi," Mwenyekiti alikuwa amesema. "Hachezi. Anakata gharama, anajenga kiwanda cha kisasa, wateja wakubwa wanabisha hodi. Ukiuza sasa, unamuuzia mwenzio faida yako."

"Mimi ningengoja ifike pale alipoinunulia baba tu," alisema Dada, aliyekuwa na saluni mtaa wa pili. "Ikifika hapo, siku hiyo hiyo nauza."

"Na isipofika?" aliuliza Kitinda.

"Kwa nini isifike?"

"Mimi nafungua kompyuta za watu kila siku," alisema Fundi Simu, mtoto wa tatu. "Chipu zao siku hizi nazikuta kwenye zile kuukuu tu."

"Wewe unaona kompyuta za mtaa. Mimi nasoma wachambuzi wa hisa," alisema Mwenyekiti.

"Wachambuzi wenyewe nusu wanasema nunua, nusu wanasema kimbia. Umewasoma wapi wewe?"

Lakini mwisho Mwenyekiti aliinua mikono. "Haya. Kwa ajili ya mama, natia jeupe." Wote wakaahidi jeupe. Na kopo lilipomwagwa, meupe matano yalikuwapo, la mama na ya wanawe wanne. La sita lilikuwa jeusi.

Wengine walipotoka, mama alimshika Kitinda mkono. Walikuwa sebuleni, mapazia yamefungwa mchana kweupe kwa sababu mwanga ulimuumiza jicho.

"La mwisho halikuwa lenu," mama alinong'ona.

"Unasema nini, mama?"

"Nawajua kwa masikio. Kaka yako analigongesha chini kama anapiga muhuri. Dada yako linateleza ubavuni. Fundi analiangusha kutoka juu, mchezo mchezo. Wewe unaliweka, halisikiki. Baada yenu wote na mimi mwenyewe, liliingia jingine." Akageuza uso kwenye kona. "Lilitoka pale."

Pale palikuwa na kiti cha mzee, kile cha springi, kilichobonyea katikati. Kitinda alitaka kucheka, ila akakumbuka kikao cha kwanza baada ya mazishi, walipokuwa wamekaa wameshika tama, na Mwenyekiti akachukua maharagwe mawili, akayaweka juu ya mkono wa kiti kile, akasema, "Haya mzee, nawe piga kura yako." Walicheka huku wanalia. Tangu hapo ikawa desturi yao, kila kikao, na hakuna aliyeona ubaya.

Alikisogelea kiti. Juu ya mkono wa kiti lilikuwa limebaki haragwe moja. Jeupe.

Jumapili iliyofuata aliamka mapema akaufuta ule mkono wa kiti, na kaka yake alipotaka kuweka maharagwe kama kawaida, alimzuia. "Leo mzee apumzike," alisema. Mwenyekiti alimtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akayarudisha mfukoni.

Walipiga kura. Kitinda alikaa jirani kabisa na kona, na masikio aliyatega. Akasikia kishindo cha Mwenyekiti, mtelezo wa Dada, mchezo wa Fundi, la mama lililotiwa kwa kupapasa. Akaliweka la kwake. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, lakini kitu chumbani kilikuwa kinavuma, sauti nyembamba kama ya feni ya kompyuta iliyosahauliwa imewashwa, na pamoja na mvumo ule ikaja harufu ya waya unaoungua, kwanza kidogo, akadhani inatoka nje, halafu ikajaa mpaka kooni. Aliona mto wa kiti ukibonyea taratibu, bila mtu, kama mzee mzito anavyojishusha akishika kiuno, naye akataka kuwaita ndugu zake watazame lakini ndugu zake walikuwa tayari wanatazama, Dada kaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, Fundi kasimama nusu na nusu hajasimama, na pale kopo lilipokuwa, katikati ya meza, mbali na mkono wa yeyote, kikasikika kitu kikigonga bati.

Kisha kitu kikakohoa pale kitini. Kikohozi cha baba yao kabisa, kile cha mara mbili. Sauti iliyofuata haikuwa yake. Ilikuwa kavu na yenye adabu, kama ya msoma taarifa.

"Subirini ripoti ijayo," ilisema.

Dada alipiga yowe, akatoka na viatu mkononi. Fundi Simu alimfuata mpaka mlangoni, akakumbuka kuwa mama yuko ndani, akarudi.

"Jini gani hili linalojua mambo ya ripoti za kampuni?" alisema kwa sauti ya chini, nusu analia. "Jini gani?"

Kitinda alilimwaga kopo. Haragwe jeusi lilikuwa baridi hata likamchoma kidole, kama limetolewa kwenye friza. Hasira ilimpanda kuliko woga. Alitaka kulitafuna na kulitema.

"Tumeliona, tumelisikia," alimwambia Mwenyekiti. "Tuuze basi!"

"Utaratibu wa mzee," alisema kaka yake, hakumtazama usoni. "Jeusi ni jeusi. Bila utaratibu hamtapata sahihi yangu."

Jioni hiyo mama alinyoosha mkono kuchukua kikombe, akashika hewa. Alicheka, akajaribu tena.

Mganga waliyemleta alikuwa mwanamke wa makamo aliyeuza nguo za mitumba asubuhi na kufanya uganga alasiri. Aliingia sebuleni, akanusa, akauliza maswali mawili matatu, akatikisa kichwa.

"Huyo si baba yenu," alisema. "Mlikaribisha bila kutaja jina. Akaingia aliyekuwa karibu."

"Anataka nini kwetu?" aliuliza Dada, ambaye safari hii alikaa karibu na mlango.

"Mngoje. Chakula chake ni kungoja. Nyinyi mkingoja, yeye anashiba." Akamtazama mama aliyekaa kwenye mkeka. "Na mnangojea kwenye macho ya nani?"

"Ubani peke yake hautoshi," aliendelea mganga. "Mlimpa kura, kwa hiyo hata nikimtoa leo, atarudi kwa kura yake. Mimi nitamzuia muda wa kikao kimoja. Nyinyi mpige kura ya kuuza, wote, bila hata mmoja kusita. Mkishakubaliana hakuna tena cha kungoja, na hapa hatakuwa na riziki. Mmenielewa?"

Walielewa. Mwenyekiti ndiye aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mganga alitia ubani kwenye chetezo, akaenda kukaa juu ya kiti chenyewe. Kitinda hakuwahi kuona ujasiri wa namna ile. Aliishika mikono ya kiti kwa nguvu mpaka mishipa ikamtoka, akafumba macho, na midomo yake ikawa inacheza bila kutoa sauti, na chini yake springi zikaanza kulia moja baada ya nyingine, na mvumo ule ukapanda na harufu ya waya ikapigana na ubani mpaka wote wakawa wanakohoa, machozi yanawatiririka, huku kopo likizunguka mkono kwa mkono katika moshi ambamo mtu hakuona vidole vyake mwenyewe, na kila haragwe lilipodondoka kiti kilitikisika na mganga akatikisika nacho, meno yakigongana, lakini hakukiachia. Kopo likarudi mezani. Kiti kikapiga mshindo mmoja na kutulia.

Mvumo ulikatika. Harufu ikaisha kama imefagiwa. Mganga alijifuta jasho, akainuka akiyumba, akaenda kufungua mapazia yote, na jua la alasiri likamwagika sebuleni mpaka kwenye miguu ya mama.

"Ametoka," alisema. "Hebu tuone kura zenu."

Dada alikuwa ameshaanza kumshukuru Mungu. Fundi Simu alicheka peke yake. Kitinda alifungua kopo, akalimwaga.

Hayakuzidi. Yalikuwa matano, sawa na watu. Manne meupe na moja jeusi.

Alilichukua. Halikuwa baridi. Lilikuwa na joto, tena lilikuwa limelowa jasho la kiganja.

"Hilo nimelisikia," alisema mama polepole. "Limegonga chini. Hilo ni la mwanangu."

Mwenyekiti alikuwa amejiinamia. Kitambi chote kilikuwa kimenywea.

"Zile siku nyingine nilitia jeupe," alisema. "Wallahi nilitia jeupe. Nilijua yule atatia jeusi. Leo lilikuwa langu peke yangu... Ripoti inatoka mwezi ujao. Tukiuza leo, kesho ikapanda, nitamwambia nini mzee?"

"Mzee amekufa, kaka!" Kitinda alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Mama ndiye aliye hai! Mama huyu hapa!"

Alimrushia lile haragwe. Lilimpiga kifuani, likabingirika sakafuni, likaenda kusimama chini ya kiti cha mzee. Mganga alikuwa ameshaanza kukusanya vitu vyake, haraka haraka, bila kuagana na mtu.

Kwenye kona springi zilibonyea, kwa utulivu, kama za mtu anayerudi mahali pake asiye na haraka yoyote. Dada aliita jina la Mungu. Mapazia yalikuwa wazi mpaka mwisho, na jua lilikuwa linampiga mama usoni moja kwa moja, lakini hakukunja uso wala hakujikinga kwa mkono kama alivyozoea.

"Kitinda," alisema, "nani amefunga pazia?"